Kibuyu cha Waya Mwekundu

Tumsifu Bwana, ndugu zangu, ingawa mimi leo namsifu nimekunja uso. Mchungaji ameniomba nishuhudie jinsi mwanangu alivyopona. Nitashuhudia. Ila nina hasira, na sikuiacha mlangoni.

Sisi tuliohama na ng'ombe kutoka Usukuma mpaka huku Usangu tunaijua ile njia. Ni pori na pori, maji ya kubahatisha. Ndiyo maana waliotangulia walificha akiba kwenye miti yenye pango: kibuyu cha maji na michembe, vile viazi vyetu vikavu. Wakapiga chale ya panga kwenye gome ili wa nyuma wajue. Ukifika unakunywa kiasi, unaacha chochote ulicho nacho, unafunika. Hakuna mlinzi, wala hakuhitajika.

Akiba ya mwisho kabla ya kufika hapa Igawa aliiweka shemeji yangu, kwenye kibuyu chake kilichopasuka mdomo akakishona kwa waya mwekundu. Alituletea salamu kwamba tukiufikia mti ule tumepona. Basi asubuhi ile maji yetu ya mwisho nikampa mwanangu bila wasiwasi, na mume wangu akatangulia na ng'ombe.

Nikafika. Chale ipo. Nikaingiza mkono. Ndugu zangu, nawaambia, nilipapasa pango lile mpaka kucha zikatoka damu. Maji hakuna, michembe hakuna, hata kibuyu chenyewe hakuna! Mtoto akalia bila machozi, kisha akanyamaza. Hapo ndipo nilipokata tamaa. Nilikaa chini nikingoja afe.

Akapita mama mmoja Msangu, anatoka kuokota kuni. "We dada, umekaa juani na mtoto, kuna nini?" Nikamwonyesha pango. Akampakata mtoto, akachovya ncha ya kanga kwenye maji yake, akamkamulia mdomoni kidogo kidogo mpaka akafumbua macho. Nami akaninywesha. Tulipoinuka, akakiingiza kibuyu chake mle mtini na maji yaliyobaki.

"Si kuna wenzenu wanakuja nyuma?" akasema. Yeye hata safari hakuwa nayo.

Mwanangu ndiye huyu. Simama, mama, wakuone.

Na kile cha waya mwekundu? Nilikikuta hapahapa Igawa, kimetundikwa barazani kwa mtu tunayesali naye. Nilimwuliza. Akacheka: "Kitu cha porini hakina mwenyewe." Hakina mwenyewe! Jana nimekwenda nikakitungua mkewe akinitazama, nikakijaza.

Namshukuru shemeji yangu. Namshukuru yule mama wa kuni, Mungu amtunze popote alipo. Ninachowaomba ni kimoja: anayekuja nyuma yako ni ndugu yako, hata kama hutamwona maishani.

Jina simtaji mtu. Vibuyu viwili vimejaa, viko hapo nje ukutani. Kesho kukipambazuka narudi kwenye ule mti. Kimoja nitabeba mimi. Cha waya mwekundu kinamsubiri anayejijua.