Daktari Nélida na Vazi la Mtakatifu Petro

Tarehe 30 Novemba Daktari Nélida Barría anastaafu, baada ya miaka thelathini na nne na miezi miwili katika Taasisi yetu ya Samaki wa Kusini hapa Punta Arenas. Muda wote huo ameutumia kujibu swali moja: huko chini, kwenye maji ya barafu, samaki waitwao bakalao wamebaki wangapi? Niliposikia kwamba yeye mwenyewe ameomba wasifu wake uandikwe na mimi, Onofre Mansilla, mpishi wa meli ya Remanso, niliangusha mwiko ndani ya sufuria. Taasisi imejaa watu wenye shahada, na mimi shule niliiacha kabla haijaniacha. Mkurugenzi naye alishtuka, ila yeye hakuwa na mwiko.

Alianza kazi akiwa na miaka ishirini na sita. Alipanda meli niliyokuwa nikipikia zamani akiwa na begi moja, mto wa kulalia na ndoo. Mto ulikuwa anasa, ndoo ilikuwa lazima. Siku kumi na moja alitapika, na siku hizohizo kumi na moja alipima samaki, ndoo katikati ya magoti na penseli mdomoni. Cárcamo, ambaye leo ni kapteni wa Remanso na wakati ule alikuwa baharia mwenye mdomo mrefu, alimwambia, "Binti, bahari imekukataa." Akajibu bila kuinua kichwa, "Imenikataa vipi, na chakula changu chote imekipokea?" Tangu siku hiyo Cárcamo alimwita Daktari, miaka sita kabla chuo hakijampa cheo hicho.

Kwa wasiojua, bakalao ana vijiwe vya sikio ndani ya kichwa. Ukikikata kimoja ukakitazama kwa hadubini, unahesabu pete zake na kujua umri wa samaki, kama unavyohesabu za mti. Daktari alikosa pa kuvihifadhi, akavitia kwenye kopo langu tupu la mchele bila kuniambia. Nami nikaongeza mchele. Mezani fundi wa mitambo akatafuna kitu, akashika shavu na kupiga yowe. Daktari aliruka kutoka kitini. Tulidhani anakimbilia kumtazama jino. "Umekimeza au umekitema?" akauliza. Kilipopatikana alikifuta, akakisoma, akatutangazia kwamba samaki yule alikuwa na miaka thelathini na mmoja. Fundi alikuwa na ishirini na tisa.

Ni yeye pia aliyetulazimisha kufunga kamba zenye tepe nyuma ya meli, ili ndege wakubwa wa bahari waogope kudonoa chambo na kunasa kwenye ndoana. Tulimcheka, tukasema tumekuwa meli ya harusi. Mwaka uliofuata hatukumwona hata ndege mmoja aliyezama na mshipi wetu. Kicheko kikatuishia.

Lakini kazi iliyompa jina ni ile ya vitambulisho. Samaki hawahesabiki kama kondoo zizini. Unamkamata mmoja, unamchomeka mgongoni kijiti cha plastiki ya manjano chenye namba, unamrudisha majini. Sisi tukakiita kitambulisho, maana bakalao sasa alikuwa ameandikishwa kama raia. Miaka inayofuata unatazama: kati ya samaki waliovuliwa, wangapi wanacho? Wakiwa wengi, ujue unakutana na walewale, bahari imepungukiwa. Wakiwa wachache, ujue huko chini samaki wamejaa tele. Mwaka hadi mwaka vitambulisho vilivyorudi vilikuwa vichache. Daktari akaandika kwamba samaki ni wengi, akatia saini, na kule Hobart, ambako mataifa hukutana kila Oktoba kugawana samaki hao, mgao wetu ukapanda. Mji mzima ulimpenda. Muuza mikate alikuwa akimwekea ile ya kwanza kutoka tanuri.

Sasa nifike kwenye siku ya vazi.

Ilikuwa tarehe 29 Juni, sikukuu ya Mtakatifu Petro, msimamizi wa wavuvi. Kapteni Cárcamo alimwalika Daktari chakula cha mchana ndani ya Remanso, meli ikiwa gatini, kumuaga mapema. Daktari alikuwa hajawahi kuikanyaga meli hii. Tangu tuipate, miaka kumi na moja iliyopita, yeye alikuwa akifanya kazi nchi kavu, na watafiti vijana aliowatuma walikula chumba cha maofisa. Baada ya kula alishuka jikoni kunishukuru, sahani yake mkononi.

"Mzee Onofre, Petro wako yuko wapi? Leo si siku yake?"

Nikafungua kabati la mikate, mahali pakavu na penye joto, kwa majivuno yangu yote. Petro, sanamu yangu ya mti niliyokuja nayo kutoka meli ya zamani, alisimama humo amevaa vazi la manjano kutoka shingoni hadi miguuni, vitambulisho vimefungwa kwa uzi wa kuvulia, kimoja juu ya kingine kama magamba. Tulianza mwaka wa kwanza wa meli, bakalao mwenye kitambulisho alipotangulia mvuo mkubwa ajabu. Tukaona ni heshima. Mtafiti akiwa macho alichukua chake. Akiwa amelala, kilikuwa cha Petro.

Daktari alikivuta kimoja karibu, akasoma namba yake. Sahani haikuanguka. Ingeanguka, angalau ningepata la kuokota.

"Onofre, hivi ni nini?"

"Vazi la Petro, Daktari. Limempendeza, eh?"

"Kwa nini hamkuniletea?"

"Tulete vya nini? Namba si mliziandika mlipomwachia samaki? Tukajua kazi yake imekwisha."

Akakaa juu ya gunia la viazi. Kisha akaomba mkasi. Tulivihesabu juu ya meza ninayokandia unga, mara mbili, yeye akiandika: mia mbili na kumi na viwili. Ndipo akanieleza, taratibu, kama anayemweleza mtu msiba. Vitambulisho vile havikuwa vimekosekana kwa sababu samaki ni wengi. Vilikosekana kwa sababu vilikuwa kabatini kwangu. Kila alichokiandika kwa miaka kumi na moja kilikuwa kikubwa kuliko bahari yenyewe.

Kapteni aliingia katikati ya maneno hayo, akayaelewa haraka kuliko mimi. Mtu huyu nimemwona akicheka mawimbi yakivunja vioo. Siku ile alikuwa mweupe kama meza yangu.

"Daktari, umebakiza miezi mitano. Mrudishie Petro nguo yake, tufunge kabati. Nani atajua?"

"Mimi."

"Watasema kazi yako yote ni takataka!"

"Watasema ya miaka kumi na moja. Iliyobaki nitaitetea."

"Na sisi je? Watatufungia meli."

"Wanaweza, Kapteni," akasema. Alivitia vitambulisho ndani ya mfuko wangu wa unga, akashuka ngazi kwenye upepo wa baridi kali, bila koti. Nilimkimbilia nalo hadi mwisho wa gati.

Julai hadi Septemba alihesabu upya. Samaki hawakufika theluthi mbili ya wale aliowaandika. Oktoba akaenda Hobart na Rayén Huenul, mtafiti kijana anayechukua nafasi yake, na Rayén ndiye aliyetusimulia. Daktari alisimama, akasema makadirio yenye saini yake si sahihi. Akaitaja meli yetu, hakuficha. Kisha akaongeza: "Wavuvi walivitunza vitambulisho kwa heshima. Mimi ndiye ambaye sikuwahi kushuka jikoni kwao kuwaeleza kazi yake." Wapo waliomtafutia kosa miaka ishirini wasilipate, na sasa amewapa mwenyewe, limehesabiwa na limepigwa chapa.

Mgao ulikatwa theluthi nzima. Remanso imefungwa gatini msimu huu, watu ishirini na wanane hatuendi baharini. Daktari aliporudi, muuza mikate alimwambia mikate imekwisha, na rafu ilikuwa imejaa. Mke wa fundi wetu alivuka barabara asikutane naye. Nilidhani atajifungia ofisini kwake, chumba namba saba, asubiri Novemba.

Badala yake, tangu aliporudi anapita meli hadi meli, na anaingia jikoni moja kwa moja. Anakaa na mabaharia ambao yeye ndiye aliyewapunguzia samaki, anakunywa nao chai yetu ya majani iitwayo mate, anawaeleza kitambulisho kina kazi gani. Meli ya kwanza walimtukana. Ya pili walimsikiliza hadi mwisho, kisha mmoja akatoa funguo mfukoni: kitambulisho kimening'inia. Mwingine akakumbuka kola ya mbwa wake. Mwingine akarudi nyumbani akakifungua kwenye kitanda cha mtoto. Hadi leo vimepatikana sitini na kimoja zaidi, kutoka meli tisa. Tulioduwaa kwa kosa letu tumeduwaa tena kugundua hatukuwa peke yetu.

Mkurugenzi aliniomba nisiyaandike haya, niseme tu "mchango wake mkubwa." Nikampelekea Daktari rasimu. Aliisoma akiwa amesimama. "Andika yote, Onofre, au usiandike."

Basi nimeandika yote, limebaki moja. Tangu Juni kila nikitaka kulisema, ananikata kwa kuuliza kama nimekula. Hapa hawezi kunikata. Samahani, Daktari. Ulisimama mbele ya mataifa ukalibeba kosa ambalo vidole vyangu ndivyo vilivyolifunga uzi. Bakalao uliowanusuru mwaka huu watakuwa wakubwa mimi nikiwa mavumbini, na hawatajua jina lako. Sisi tunalijua. Asante kwa miaka thelathini na nne. Nenda ukapumzike vizuri, ulale hadi jua likuchoke, na afya iwe nawe. Meli imefungwa, lakini jiko linawaka. Njoo ule.