Mama Emérence Nzigire, Aliyerudi Kumchukua Mmoja

Tunayemsindikiza leo, Jumamosi tarehe 15 Machi 2025, hapa Louisville, alizaliwa Kaziba, Kivu ya Kusini, tarehe 14 Aprili 1969, mtoto wa tatu wa mzee Ntakwinja na mama Clémence.

Mama Emérence alikuwa mwoga, na familia haioni haya kulisema mbele ya jeneza lake. Hakuketi akiupa mlango mgongo. Kila tarehe nne Julai, sikukuu ya uhuru wa Marekani, fataki zilipoanza kulia mtaani Newburg, aliwaingiza watoto bafuni na kufungulia maji ili wasizisikie. Uoga huo ulikuwa na chanzo chake.

Kuanzia mwaka 1982 hadi 1988 alisoma katika lisee ya serikali ya wasichana, akilala bweni. Kulikuwa na desturi pale: kila msichana wa mwaka wa sita alipewa mdogo wa mwaka wa kwanza amlee, amfundishe kutandika kitanda na kufua kola ya sare. Emérence alilia siku nne mfululizo. Mkubwa wake akamwambia, "Lia tu, lakini kula." Alipofika mwaka wa sita naye alimwambia mdogo wake maneno hayohayo. Alipomaliza masomo, shule ilimbakiza kuwa msimamizi wa bweni.

Alasiri ya Jumatatu, tarehe 28 Oktoba 1996, risasi zilisikika upande wa barabara. Emérence aliwatoa wasichana thelathini na mmoja kwa mlango wa jikoni, akawapitisha katika migomba wakiwa wameinama, wameshikana sketi, hadi parokiani. Pale akawahesabu. Walikuwa thelathini. Delfina, wa miaka kumi na mitatu, alikuwa amerudi kuchukua viatu vyake. Emérence aligeuka amfuate, lakini padri na wanaume wawili wakamshika mikono, wakamzuia hadi giza likaingia. Delfina hakuonekana tena, na hadi leo hakuna ajuaye yaliyompata.

Emérence alikimbia vita, akavuka ziwa akafika kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Tanzania. Huko alimpata Salomon Zihindula, seremala. Salomon husimulia kwamba alimposa mara tatu, na kila mara aliulizwa swali moja: "Nyumba yako iko na mulango ya nyuma?" Mara ya tatu alikuwa tayari ametoboa ukuta na kuuweka mlango huo. Walifunga ndoa tarehe 2 Agosti 1997. Mungu akawajalia Hyacinthe, Jolie na Chimène.

Januari 2010 familia ilipokelewa Buffalo, Marekani, katikati ya theluji, na mama akafanya kazi katika kiwanda cha madirisha. Mwaka 2014 walihamia Louisville. Agosti ya mwaka huo aliajiriwa jikoni katika shule ya sekondari ya serikali ya wasichana watupu. Aliipenda kabla hajakielewa Kiingereza cha pale. Ijumaa ya kwanza ya Septemba, wasichana wa mwaka wa mwisho walisimama kwenye ngazi kuu, kila mmoja akamwita mgeni wake wa mwaka wa kwanza kwa jina, akamfunga utepe mkononi na kupanda naye hadi darasani. Mama Emérence alitazama kutoka mlango wa jikoni, akalia. Tangu hapo alijifunza majina ya wote kutoka orodha ya chakula, mia nne na zaidi, na akawaita kwa lafudhi yake walipopanga foleni. Wao walimwita Mama Emé.

Hata hivyo, Chimène alipotaka kusoma hapohapo mwaka 2018, mama alikataa.

"Wabinti watupu, fasi moja, na kila mutu anajua wako wapi? Hapana."

"Bon, lakini wewe utakuwa pale chini," Salomon alimwambia. Akakubali, na wiki nzima hakupata usingizi.

Alhamisi, tarehe 7 Februari 2019, saa ya chakula, kipaza sauti kilitangaza kwamba mtu mwenye bunduki ameonekana karibu na shule, milango ifungwe. Mama Emérence aliwaingiza stoo wasichana waliokuwa kwenye foleni, akazima taa, akawahesabu kwa kuwagusa vichwa. Ishirini na mmoja. Kwenye foleni walikuwa ishirini na wawili. Msichana mmoja akanong'ona kwamba Makenzi alikuwa ameenda chooni.

Amri ilikuwa wazi: mlango ukifungwa haufunguliwi. Mwenzake wa jikoni, Nshimirimana, alimshika mkono. "Usitoke, mama. Utatuuwisha."

"Funga nyuma yangu," alisema. "Nikirudi nitaita jina yako. Ukisikia ingine, usifungue."

Baadaye alisimulia kwamba aliupita ukumbi wa chakula akijiegemeza ukutani. Alimkuta Makenzi amesimama juu ya choo, ameziba mdomo kwa mikono miwili. Walirudi wakitambaa. Polisi walimkamata mtu yule mtaa wa pili, na hakuna aliyeumia. Mwalimu mkuu alimwonya kwa kuvunja amri, kisha akamkumbatia kwa muda mrefu.

Chimène alikuwa ghorofa ya tatu siku hiyo. Nyumbani alimwuliza kwa Kiingereza kwa nini hakupanda kumtafuta yeye. Mama akamjibu, "Wewe ulikuwa na mwalimu. Ule hakukuwa na mutu." Chimène alikasirika kwa miezi. Ndiye aliyeomba jambo hili liandikwe hapa.

Mei 2024 madaktari waligundua saratani ya kongosho. Aliiogopa mashine ya kupiga picha kuliko ugonjwa wenyewe, kwa kuwa haina mlango wa pili. Oktoba Jolie alimchukua kwake Whitehall, Columbus, akamuuguza. Siku za mwisho Jolie alimwuliza kama anaogopa. "Naogopa sana," alisema. "Donc, ukae hapa karibu." Jolie alikaa. Alfajiri ya Jumapili, tarehe 9 Machi 2025, mama alifariki, mkono wake ukiwa katika mkono wa binti yake. Alikuwa na miaka hamsini na mitano.

Ameacha mume, Salomon. Watoto watatu, Hyacinthe wa Buffalo, Jolie wa Columbus na Chimène wa hapa Louisville. Mjukuu mmoja, Leya. Na dada yake aliyeko Bukavu, anayetusikiliza kwa simu sasa hivi.

Mungu ampokee, ampumzishe, na asiogope tena.