Ile Yenye Maua na Ile ya Waya

Benchi la nje ya kibanda cha fundi viatu lina miguu mitatu yake na mmoja wa kuazima, kwa hiyo ukiinuka bila kuaga, mwenzako aliyekaa mwisho anakwenda chini. Fundi mwenyewe wanamwita Gundi, maana akishika neno haliachii. Jioni hiyo alikuwa amekaa benchini, ameshika kiatu cha mtu, na sindano haikuwa imepita hata tundu moja tangu muuza kahawa alipotua birika lake. Baba yake Gundi alikuwa mwindaji mwenye kibali, na alipofariki aliacha watoto wa kiume wawili na bunduki mbili kuukuu za kuwindia. Shangazi akasema mkubwa achague kwanza. Gundi akachagua ile iliyochoka, iliyopasuka kitako na kufungwa waya. Hiyo iko ndani ya kibanda, kwenye sanduku lenye kufuli. Ile ya pili, yenye mbao nyekundu na nakshi za maua ubavuni, akampa mdogo wake kwa mikono miwili, pamoja na koti la baba lenye risasi mfukoni, kwa sababu mdogo wake ndiye anayelinda shamba. Na mchana wa siku hiyo mdogo wake aliondoka nayo kwenda kumvizia nguruwe pori dume aliyempasua jirani paja.

— Niambieni kweli, alisema Gundi. Nimempa iliyo nzuri au sikumpa?

Sasa hapo ndipo mambo yalipoharibika, kwa sababu tangu benchi lile liwekwe pale, hajatokea mtu aliyeulizwa jambo akasema halijui. Kulikuwa na Redio, dereva mstaafu, aliyepewa jina hilo kwa kukosa kitufe cha kuzimia. Kulikuwa na Msasa, seremala, nywele zimejaa vumbi la mbao saa zote. Wote wawili walikuwa wameishika ile bunduki, na mtu akishashika kitu mara moja pale benchini, basi amehitimu.

— Ndugu yangu, lala usingizi, alisema Redio. Ile si bunduki ya mchezo. Niliibeba mwenyewe, bega likaniuma siku mbili. Chuma chepesi ni cha siku hizi. Chuma cha zamani walikuwa wanakiyeyusha, wanakizika ardhini miaka saba, halafu ndiyo wanakichimbua kutengenezea mtutu.

— Nani alikwambia? aliuliza muuza kahawa.

— Wewe mimina kahawa, mama.

— Namimina. Nauliza tu nani alikwambia.

Msasa akakohoa, maana zamu yake ilikuwa imefika.

— Chuma sikijui kama mbao, alisema, na kwa sekunde moja Gundi alidhani amesikia ungamo. Lakini chuma hufuata mbao. Mtengenezaji hawezi kuweka chuma kibovu kwenye mbao kama ile, roho itamuuma. Nilikinusa kitako. Mti ule ulikatwa mwezi ukiwa mchanga. Hautapasuka mpaka wajukuu wazeeke.

— Ile yangu imepasuka, alisema Gundi.

— Yako mwezi ulikuwa mpevu.

— Na yale maua je? Redio akadakia. Mnadhani ni urembo? Kila ua ni mnyama mmoja. Kiwandani walikuwa hawatoi bunduki mpaka iue. Ikiua, fundi anachonga ua. Nimeyahesabu mimi, yamejaa mpaka kwenye kifyatulio.

— Kwa hiyo imepimwa, alisema Gundi, akitafuta pa kuegemea.

— Imepimwa? Ile hata ukifumba macho inapata. Risasi yake inafuata jasho. Nguruwe akikimbilia kushoto, nayo inakata kushoto.

Gundi alicheka kwa adabu, ila macho aliyapeleka njia ya shambani. Alimpenda mdogo wake kupita kiasi, tena pendo la mlezi, kwa sababu mama yao aliondoka mapema na baba alikuwa mtu wa porini. Alimfunga kamba za viatu mpaka akawa na ndevu. Jirani mwenye paja lililopasuliwa alikuwa mwenye mbio kuliko watu wote wa mtaa, na hazikumsaidia. Bunduki ikigoma mbele ya mnyama yule, hakuna wa kuulizwa zaidi ya aliyeitoa.

— Baba alikuwa haitoi nje, alisema taratibu. Aliipaka mafuta, akairudisha ukutani. Sikumbuki hata siku moja akiondoka nayo.

— Kitu kizuri hakichoshwi, alisema Redio. Wewe suti yako ya harusi unashonea viatu?

— Sina suti.

— Ndiyo maana huelewi.

Msasa akaweka kikombe chini na kujinyoosha. Alikuwa na jambo la kujivunia na alilisubiri muda mrefu.

— Na mimi nimeiongezea thamani, alisema. Ilikuja kwangu mtutu umechafuka. Kutu, halafu vijinamba na vimihuri vimebandikwa bandikwa pale kwenye shina la mtutu kama paketi ya dawa. Nikaanza na msasa mkali, nikamaliza na laini. Sasa unaweza kunyolea ndevu pale, unajiona. Na sikumtoza.

— Kweli alifanya kazi, alisema Gundi, ambaye siku ile alimnunulia Msasa vikombe viwili vya kahawa kwa shukrani.

Ndipo akaja mke wa mdogo wake, kanga kichwani, mwendo wa mtu aliyetoka nyumbani kwa jambo moja. Kwa desturi angesimama mbali kidogo na benchi la wanaume na kusubiri aulizwe hali. Safari hii alipita katikati ya Redio na kahawa yake.

— Shikamooni. Shemeji, samahani, nina swali.

— Marahaba. Kaa kwanza.

— Sikai. Zile risasi ulizompa mwenzangu, za kwenye koti la mzee. Ni za bunduki ipi?

Gundi aliweka kiatu chini.

— Asubuhi aliijaribu moja nyumbani, aliendelea yule mwanamke. Ikakataa kuingia. Akasema ni kutu, atatia mafuta, itaingia tu. Nami nimekaa na hilo neno tangu ameondoka. Nikaenda kupekua koti, nikaikuta moja imebaki kwenye bitana.

Akafungua kiganja. Risasi ilikuwa ndogo tu, imeshika rangi ya sufuria kuukuu, na kwenye kitako chake palikuwa na namba za ukubwa wake.

— Risasi ni risasi, alisema Redio, lakini sauti ilikuwa imepungua. Bunduki ya maana hula chochote.

— Shemeji, nimekuuliza wewe.

Gundi aliichukua akaingia ndani. Walimsikia akihangaika na kufuli. Akaitoa ile ya waya kwenye sanduku, akaigeuza kwenye mwanga wa dirisha, akapangusa shina la mtutu kwa kidole. Namba zilikuwepo, zimechongwa wazi, zilezile za kwenye risasi. Koti lilikuwa la kuwindia. Bunduki ya kuwindia ilikuwa hii, mbovu ya sura, ambayo baba aliifunga waya mwenyewe na kutoka nayo mpaka magoti yakamshinda. Ile ya maua ilikuwa na namba zake pia, mahali hapohapo, na Msasa alizikwangua zote.

Alipotoka na ile ya waya na kukaa tena benchini, Msasa alikuwa ameshaelewa, mikono ameibana katikati ya magoti.

— Zilisomekaje? Gundi alimuuliza.

— Zipi?

— Namba. Ulizikwangua wewe. Zilisomekaje?

— Sikuzisoma, alisema Msasa. Niliona uchafu.

Gundi alimpigia simu mdogo wake. Mtandao wa kule shambani ni wa kubahatisha, na simu ilikatika mara ya kwanza, ikakatika ya pili. Mke wa mdogo wake alikuwa ameshika nguzo ya kibanda. Mara ya tatu ikapokelewa, na Gundi akabonyeza sauti ya nje ili asisikie peke yake.

— Kaka, ongea taratibu. Niko juu ya dungu la kulindia. Nguruwe yuko hapa chini, namsikia anavunja mahindi.

— Umeweka risasi?

— Imeingia kwa taabu. Komeo la bunduki ndilo halifungi, limebaki kidole kimoja. Nina jiwe, naligonga kidogokidogo.

Yule mwanamke alitoa sauti ambayo haikuwa neno. Gundi alimwinulia mkono anyamaze.

— Acha kugonga.

— Bado kidogo tu.

— Nimesema acha, itakulipukia usoni. Usivute komeo, usiguse kifyatulio. Iweke chini, mdomo uangalie nje, kaa mbali nayo. Mimi nakuja na ile ya waya.

— Kaka, atamaliza shamba.

— Mwache ale.

— Mahindi yote?

— Ale yote.

Kwenye simu mabua yalikuwa yakivunjika, mnyama anakula kwa raha zake.

— Si wewe uliniambia hii ndiyo nzuri? Sasa ina nini?

Gundi aliwatazama wenzake. Redio, aliyejua chuma kilivyozikwa miaka saba, alikuwa anakagua sakafu ya kikombe chake. Msasa alikuwa amefumba macho.

— Sijui, alisema Gundi. Mdogo wangu, sijui. Sikuwahi kujua.

Benchini hapo neno hilo lilikuwa geni, na kila mtu alilisikia. Mke wa mdogo wake akaegemea nguzo kwa paji la uso. Kisha kwenye simu likasikika jiwe, limeachiwa kutoka juu ya dungu, limeanguka chini.

Gundi aliinuka bila kuaga. Redio akaenda chini yeye na kahawa yake, suruali yote ikaloa, na akabaki amekaa hapo vumbini bila kusema kitu.