Tulisema Tutaiuza

Sufuria ambayo haikununuliwa na mtu asiye na uwezo wa kununua, imeokoa mti gani? Mama mmoja aliniuliza hivyo kambini, amekaa juu ya jiwe la volkano, na mimi nilikuwa na diplome yangu ya mazingira. Niliandika kwenye karatasi: «Hakuelewa swali.»

Wazazi wangu na ndugu zangu wa parokia, mnanijua. Mimi si mtu wa kusimama hapa mbele. Ushuhuda mwingine tunaousikia unauzwa kama sabuni. Wangu hauna miujiza. Una upumbavu, na mpumbavu ni mimi.

Nilipotoka université, shirika moja lilinipa kazi katika kambi ya waliokimbia vita, hapa kando ya mji. Kulikuwa na ghala la vitu vya kukodi: sufuria, bâche za kuezekea, majembe. Mtu anachukua, anatumia, anarudisha, na malipo yake ni kuchota maji ya ghala. Kazi yangu ilikuwa kupima faida kwa mazingira. Hesabu yenyewe mtoto wa primaire angeicheka: kila sufuria iliyokodiwa ilihesabiwa kuwa sufuria moja isiyotengenezwa kiwandani. Watu walikimbia na nguo za mwilini tu, sisi tukawaandika kuwa watunzaji wa dunia. Na mimi, ninayebishana hata na padri, hapo sikubisha. Nilikuwa na gilet ya shirika, kile kizibao cha kazi, yenye mifuko minane.

Fomu ililetwa kutoka mbali, katika Kiswahili cha vitabu. Swali la tisa lilisema: «Ukipewa sufuria yako mwenyewe, je, utaiuza?» Shirika liliogopa msaada kuishia sokoni. Nilisoma neno kwa neno, kwa sauti ya redio, maana Kiswahili chetu nilikiona cha watu wa makala, wale wachoma mkaa. Wamama wote walijibu ndiyo, wengine kwa furaha. Niliwadharau. Hawana hata kijiko, nikawaza, na tayari wanapanga biashara. Katika rapport, ripoti ya mwisho, nikaandika kwamba kugawa sufuria ni kupoteza. Kukodi kunatosha, tena kunalinda msitu. Chef wangu, mtu wa pwani, alinisifu mbele ya wageni.

Halafu vita vikafika Rutshuru, ambako mama yangu alikuwa amerudi kulima. Alitembea siku tatu, akafikia kambi ileile, mgonjwa wa tumbo. Nyumbani kwangu alikataa kuja. Alisema hawezi kuwaacha majirani aliokimbia nao. Dawa aliyopewa haikutaka tumbo tupu, na uji unataka sufuria. Waliofika wapya hawakupewa sufuria, kwa sababu mtu mmoja mwenye gilet alishauri hivyo. Za ghala zilikuwa chache, foleni ndefu. Siku ya kwanza mama alipata zamu jua linazama. Siku ya pili alitapika dawa.

Siku ya tatu nilisimama kwenye foleni mimi mwenyewe, bila gilet. Mama aliyekuwa mbele yangu alinitambua. Hakunitukana, ingawa ningependelea matusi.

«Mutoto yangu,» akasema, «mulituuliza kama tutaiuza. Siye wote tulisema tutaiuza, hata kwa kulipa pole pole. Sasa juu ya nini hamukuileta?»

Ndugu zangu, nililirudia lile neno kwa Kiswahili cha nyumbani. Ninyi hapa mnajua: ukienda soko la Virunga kuuza sombe, majani yetu ya muhogo, unarudi na sombe. Ukienda kuuzisha, ndipo unarudi bila. Walikuwa wanatuambia wako tayari kununua. Mimi, mzaliwa wa Katoyi, mtaa wa hapa hapa mjini, niliwaandika wezi wa msaada.

Nilikwenda kwa chef. Alisema rapport imeshatumwa, na kwamba neno moja halibadilishi matokeo. Nikamwambia hilo neno limemtapisha mama yangu dawa. Nilirudi kambini, nikauliza swali la tisa upya, kwa Kiswahili chetu, nikapeleka majibu kwa wakubwa wake. Kazi yangu ikaisha wiki hiyo. Sufuria ndogo zikaja, moja kwa kila familia, na mama alikunywa uji asubuhi, akapona.

Nawashukuru wamama wa mstari ule, waliompa mama yangu zamu yao hata baada ya kujua ni mzazi wa nani. Ninyi mnaopenda kupima faida za kukodi, anzeni na swali la yule mama wa kwanza: huyu angeweza kununua? Kama hapana, hamjaokoa kitu, mmehesabu umaskini tu.

Juzi, kambi imeshavunjwa zamani, nilikutana sokoni na yule mama wa foleni. Akaniambia kwamba walipopata zile sufuria ndogo walipikia wagonjwa tu. Chakula cha familia sita waliendelea kukipika katika sufuria kubwa moja ya ghala, kwa sababu moto mmoja unakula makala kidogo kuliko mioto sita.