Siku Kuku Alipotembea

Ka!

Sauti hiyo ninayo mpaka leo, ndugu zangu. Ni sauti ndogo tu, kama mtu anavunja kijiti kikavu cha kuwashia moto. Halafu ukimya. Halafu kuku akalia. Nami nilikuwa nimelala kwenye mkeka pale pembeni, mguu wangu umelala upande wake kama si wangu, nikalia pamoja naye.

Tumsifu Yesu Kristo. Asanteni. Mwenyekiti wa jumuiya aliniambia, "Simama utoe ushuhuda." Nikamwambia, mwenyekiti, huko kusimama kwenyewe ndiko ushuhuda! Lakini nikichoka nitaomba kiti. Sitataja jina la mtu. Wengine mpo hapa hapa, mtajijua, na sikuja kumsema mtu vibaya.

Mnanijua mimi. Ndimi yule binti wa kuota mchana. Shamba letu la mpunga liko kule bondeni kabisa, mto ukijaa maji yanatufikia, kwa hiyo msimu ukifika tunahamia kwenye dungu, kile kibanda cha juu ya nguzo. Kazi yangu ilikuwa kuamia ndege. Kwelea kwelea hawana huruma, ukisinzia kidogo wanakuachia makapi. Nilikuwa nakaa kule juu na makopo niliyoyafunga kwa kamba ndefu. Navuta kamba, makopo yanapiga kelele, ndege wanaruka, nami narudi kwenye ndoto zangu. Nilikuwa najenga saluni kichwani. Saluni ya kupamba maharusi, pale Ifakara mjini, yenye kioo cha ukuta mzima na kiti cha kuzunguka. Mapazia nilishachagua. Mnacheka? Chekeni tu, siku mkioza binti zenu mtakuja.

Asubuhi ile mvua ilikuwa imenyesha. Ngazi ya dungu mnaijua, ni miti iliyofungwa kwa kamba basi. Ndege walishuka kama wingu upande wa mtoni, makopo hayakuwatisha, nikateremka mbio niwafukuze. Mguu ukateleza. Nikaanguka kwa ubavu, nyonga ikapiga gogo. Maumivu hayakuja kwanza. Ilikuja baridi. Nilipotaka kuinuka, mguu wa kushoto haukunifuata. Nikauangalia. Ulikuwa umefupika, na unyayo umegeukia nje, kama mguu wa mwanasesere uliopachikwa vibaya. Jamani, nimeona nyoka, nimeona mto unakuja usiku, lakini sijawahi kuogopa kitu kama nilivyouogopa mguu wangu mwenyewe.

Jirani yetu wa shambani, mzee wa Kisukuma mwenye ng'ombe, ndiye aliyenitoa kule kwa mkokoteni wake. Gurudumu likiingia shimoni napiga yowe, naye anasimamisha ng'ombe. "Pole ng'wanone, pole mwanangu," ananiambia. Halafu anamwuliza mama, "Tunyooshe hospitali?"

Mama akamtazama mjomba wangu, kaka yake mkubwa, ndiye mwenye kauli nyumbani kwetu. Mjomba akasema, "Hospitali watakata mguu. Mfupa unapelekwa kwa mtu wa mifupa."

Hakuna aliyebisha. Hata mimi. Nilikuwa nauona msumeno mbele ya macho yangu.

Basi nikapelekwa kwa bibi mmoja ng'ambo ya mto. Bibi yule ana sifa zake, na za kweli. Hapa tulipokaa ipo mikono aliyoiunga, na leo inapiga makofi. Alinipapasa, akafunga vipande vya mwanzi kuanzia gotini mpaka kwenye paja, akapaka dawa. Kisha akaagiza kuku.

Vijana ambao hamjui, nawaambia desturi ilivyo. Mgonjwa akivunjika mguu, kuku naye huvunjwa mguu wa upande ule ule. Hufungwa vijiti kama mgonjwa, hupakwa dawa moja na mgonjwa. Halafu mnasubiri. Kuku akitembea, mgonjwa ainuke. Hapo ndipo niliposikia ile ka.

"Na kuku akifa, bibi?" nikauliza.

Bibi akafunga chupa yake ya dawa.

Tuliporudi nyumbani nikamwuliza mama. "Mama, kuku akifa?"

"Hafi."

"Akifa je?"

"Nimesema hafi. Kula ugali."

Ndugu zangu, hapo ndipo hofu ilipoanza kulala na mimi kitanda kimoja. Mimi niliyekuwa nafukuza ndege sasa namlinda ndege! Mama alimfunga kuku uzi kwenye mguu wa kitanda changu. Paka akipita, moyo wangu unaruka. Kuku akisinzia, namwita, "We! We! Uko hai?" Akikataa chakula, na mimi sili. Wageni walikuja kunipa pole, na shangazi mmoja mcheshi akasema, "Huyu mnono, mchuzi wake ungemwinua mgonjwa leo leo." Mama alimtoa nje kwa mkono, hata chai hakumaliza.

Siku moja walikuwa wote shambani, na kuku amefungwa nje kivulini ili apate hewa, nami nimelazwa barazani karibu naye. Mwewe akaja. Kwanza niliona kivuli chake kinazunguka uwanjani. Nikapiga kelele, hakuna mtu. Kivuli kikawa kidogo, maana yake anashuka. Nikatupa kikombe, nikatupa sahani, nikatupa rozari, Mungu anisamehe. Nikajiburuza kwa viwiko nimfikie, na ndani ya nyonga kitu kikasaga, mfupa juu ya mfupa, mpaka nikaona giza. Nilipofumbua macho, kuku alikuwa chini ya kifua changu na moyo wake unadunda juu ya moyo wangu. Nikamwambia, "Usife, tafadhali. Ukifa umenimaliza."

Hakufa. Siku zikaenda, mpunga ukavunwa bila mimi, na asubuhi moja bibi akaja kumfungua vijiti. Uwanja ulijaa watu. Kuku akasimama. Akainua mguu, akauweka, akachechemea kidogo, kisha huyoo, anakwenda zake kuchakura taka. Mama akapiga vigelegele. Watu wakanigeukia.

"Haya, mpwa wangu," mjomba akaniambia, "zamu yako."

Wakaniinua. Nilikuwa nacheka, kweli nilikuwa nacheka. Nikaweka mguu chini, nikakanyaga.

Nikaanguka kama gunia.

Halafu maneno yakaanza. "Amevunja mwiko huyu, amekula nini?" "Kuna mtu amemwangalia kuku kwa jicho baya." Nikaona macho yanamtafuta yule shangazi wa mchuzi, naye amejikunyata nyuma ya watu. Nikaogopa upya. Niliona tunakwenda kupoteza mguu na ndugu siku moja.

Bibi akasema, "Nyamazeni."

Akaketi chini. Akanipapasa tena, polepole, juu kabisa ya paja. Kisha akaagiza kuku akamatwe, akampapasa na yeye. Akakaa naye mapajani muda mrefu. Akasema, "Hakuna aliyemroga mtu. Kuku nilimvunja huku chini, kwenye kimguu. Mtoto huyu amevunjika huku juu, ndani ya nyama, paja linapoingia kiunoni. Vidole vyangu havifiki huko. Nilidhani dawa itapanda. Kuku nimemponya kuku. Huyu mpelekeni hospitali, na mimi nafuatana nanyi."

Mzee wa ng'ombe akafunga mkokoteni bila kuulizwa.

Hospitali walinipiga picha. Daktari wa mifupa akaninyooshea picha ile kwenye mwanga, akanionyesha kwa kalamu. "Binti, paja lina kichwa na shingo, kama wewe. Shingo ndiyo iliyovunjika. Damu ilikuwa inapanda kichwani kwa kupitia hapo, ikakatika. Ungefika mapema tungejaribu kuibana kwa vyuma ipone. Sasa kichwa kimekufa, hakiungi tena. Tutakitoa, tukuwekee nyonga ya bandia."

"Mguu mnakata?"

"Mguu hatukati. Mguu unabaki wako." Kisha akaniambia na mabaya yake, hakunificha. Kidonda kinaweza kuoza kwa ndani. Damu inaweza kuganda. Nyonga inaweza kuchomoka nikikaa vibaya. Mguu huenda usilingane sawasawa na mwenzake. Kuchuchumaa, basi. Na kwa kuwa mimi ni kijana, huenda ikachakaa kabla sijazeeka, nikarudi kubadilishiwa. "Lakini wengi wanaofanyiwa wanatembea," akasema, "na yale maumivu ya kusagana yanakwisha."

Nikamwuliza, "Daktari, na radi?"

"Radi imefanyaje?"

"Wanasema mwenye chuma mwilini radi inamfuata."

Hakunicheka. Akasema, "Radi haichagui. Ikinguruma ingia ndani kama wenzako."

Nje, mjomba hakutaka kusikia. "Bora magongo ukiwa hai kuliko kurudi kwenye sanduku. Nani amewahi kuona mtu anabadilishwa nyonga kama spea ya baiskeli?" Nami moyoni nilikuwa upande wake kabisa. Nilitaka wanirudishe nyumbani nikajifunike shuka.

Ndipo mama akafanya jambo ambalo nyumbani kwetu halijawahi kufanyika. Alimpa kaka yake mgongo, akanigeukia mimi. "Wewe unasemaje?"

"Naogopa, mama."

"Hata mimi naogopa. Sijakuuliza kama unaogopa."

Niliwaza yule mwewe. Niliwaza kwamba nilijiburuza kwa viwiko juu ya mfupa uliovunjika kwa ajili ya uhai wa kuku, na sasa nakataa kujiburuza kwa ajili ya mguu wangu. Nikasema, "Wanipasue."

Walinichoma sindano mgongoni, miguu ikapotea, lakini masikio yakabaki. Wakaweka kitambaa mbele nisione. Nikaanza kusikia nyundo. Jamani, nyundo! Ko, ko, ko, kama seremala anapigilia kitanda, na kitanda chenyewe ni mimi. Sikusikia maumivu, ila mwili wote unatikisika. Meno yakagongana.

"Nesi," nikamwambia dada aliyekaa kichwani kwangu, "wananigongea nini?"

"Nyonga yako. Ongea na mimi. Ukitoka hapa unataka kufanya kazi gani?"

"Saluni ya maharusi."

"Ina kioo?"

"Cha ukuta mzima."

"Mapazia?"

Nikamweleza mapazia huku nalia, na nyundo zinaendelea.

Kesho yake akaja dada wa mazoezi na magongo. "Haya, kanyaga." Mwili wote ukakataa. Nikamwambia, "Mara ya mwisho kuambiwa hivyo mbele za watu nilianguka." Akajibu, "Leo ukianguka, unaniangukia mimi, na mimi mnene." Nikakanyaga. Nikangoja lile jambo la ndani, kile kitu kinachosaga. Nikangoja. Hakikuja. Mguu ulinibeba, ndugu zangu. Unauma kidonda, unatetemeka, lakini ulinibeba.

Sasa msinione nimesimama hapa mkadhani hofu imekwisha. Mguu huu ni mfupi kidogo, ndiyo maana ndala ya kushoto imeongezwa soli. Siwezi kuchuchumaa, siwezi kukunja nne, dungu sipandi tena. Baridi ikija nausikia. Nikihisi joto kwenye kovu, silali, nangoja kuche nirudi kliniki. Ndivyo ilivyo. Lakini natembea.

Ninachowaomba ni hiki. Mtu akianguka, mguu ukafupika na unyayo ukageukia nje, msimngoje kuku. Mpelekeni akapigwe picha siku hiyo hiyo. Na msimchukie bibi wa mifupa. Yeye ndiye aliyesema "vidole vyangu havifiki" mbele ya uwanja mzima, na siku hizi akiletewa aliyevunjika hagusi kitu hata kwa kidole, anauliza kwanza, "Picha iko wapi?"

Namshukuru yeye. Namshukuru mzee wa mkokoteni, na madaktari na manesi. Shangazi wa mchuzi, karibu nyumbani, chai yako ipo. Mjomba wangu aliyekataa, ndiye aliyenitolea damu, ameangalia ukutani na macho ameyafunga, maana sindano anaiogopa kuliko mamba. Na mama, kwa swali lake.

La mwisho, akina baba mniwie radhi. Mjomba alinitengenezea kiti cha mbao chenye tundu, akakiweka msalani kwa sababu ya huku kutochuchumaa. Lakini tangu nianguke mpaka jana sikuwahi kuingia mle bila mtu. Ilikuwa lazima mtu anishike mkono, ageuze uso, anisubiri. Mtu mzima mimi.

Leo alfajiri niliamka mama akiwa bado amelala. Sikumwita. Nilichukua gongo moja, nikavuka uwanja wenye umande, naogopa kila ninapokanyaga. Nikafika. Nikaingia. Nikafunga mlango kwa ndani.