Sahani Tupu ya Baba Watoto

Amahoro, mama zangu. Niacheni niseme nikiwa nimesimama hapa mlangoni. Mwaka mzima nimeishi nikichungulia njia, na mwili bado haujasahau.

Mnajua nilikaa na yule mhunzi wa boma. Bila kadhi, ndiyo, mlisema sana na nilisikia. Ninyi mlimwita Mdachi, kama Wajerumani wengine wa boma, na yeye alikasirika. Kwao ni Polandi, alisema. Wadachi waliitwaa kabla hajazaliwa, na jina la ukoo wake wakaliandika wanavyotaka wao. Jina lenyewe maana yake watu wa mhunzi, tangu babu wa babu. Na kila mwaka, siku ya kuzaliwa Nabii Isa, aliweka mkekani sahani moja tupu. Ya nani? Ya ndugu aliye mbali, anasema. Mimi nilicheka.

Homa ikamchukua. Arobaini haijafika, habari ikaja: iko muzungu katoka Kigoma, anawaulizia watoto wa mhunzi. Ndugu zangu, nawaambia, akili iliniruka. Nikajua anakuja kuninyang'anya wanangu wawili. Nikawapeleka Kizuka, tukajificha kwenye michikichi. Nikasikia anakuja huko, nikakimbilia Kabonga. Binti yangu akiuliza kama baba yake ana ndugu, namjibu hana mtu, aliota peke yake kama uyoga. Uongo ule uliniuma kuliko njaa.

Sasa oneni ujinga wangu. Kabonga iko njiani kwenda Kigoma. Yule mtu alichoka kututafuta, akapanda mtumbwi arudi, na mtumbwi ukatia nanga pale pale. Mama aliyetuhifadhi, hajui lolote, akamkaribisha ugali na ndagala, dagaa wa ziwa letu. Mimi niko nyuma ya ua wa matete, nimemziba mutoto mdogo mdomo.

Nikamwona anaomba sahani ya pili. Akaiweka kando, tupu, ndipo akanawa kula. Na haikuwa siku ya Nabii Isa.

"Mama," binti yangu akasema, "ile ni ya baba." Akaniponyoka, akatoka.

Yule mtu alimtazama mutoto, akalia. Hakumgusa. Akasema kwa Kiswahili chake cha kuvunjika, "Sikuja kuchukua. Mama yetu anataka kujua majina yao." Alikuwa mdogo wa marehemu, fundi wa reli. Nikatoka na mimi, nikayasema majina, moja moja, nikilia kwa aibu. Naye akawafundisha wanangu jina la ukoo wao, kama babu yao alivyolitamka.

Mama wa Kabonga, murakoze, asante. Wanawake wa Kizuka mliotulisha bila kuuliza, murakoze. Nanyi wa hapa Rumonge mliosema sana, nyumba yangu mliilinda, sitasahau. Akija mtu kuwaulizia wanao, dada yangu, kabla hujakimbia muulize anataka nini.

Sahani ile sasa naiweka mimi. Nikisikia hatua uani bado nashtuka. Lakini siku hizi ninakwenda kufungua.