Karata Hazikumjua Mwanangu

Bwana asifiwe, ndugu zangu! Nawasalimu mlioko Barking na Wembley, na ninyi wa Hounslow mnaotoka kazini uwanja wa ndege na macho mekundu, na bado mnakuja ibadani. Mimi ni Mama Byamungu. Wengi mnaniita Koko, yaani bibi, maana wajukuu wangu wameniita hivyo mpaka kanisa zima likafuata. Shule niliishia darasa la tatu, kwa hiyo msitafute maneno makubwa hapa. Nataka kusema jinsi Mungu alivyonitoa kwenye karata.

Najua kuna anayecheka. Koko alikuwa anacheza kamari? Hapana, mpendwa, kaa chini usikilize. Hizi zilikuwa karata za kupigia ramli.

Lakini nianzie Uvira. Vita vilipotufikia mwaka wa tisini na sita, mwanangu Byamungu, fundi wa kushona nguo, alitufikisha ziwani: mimi, mke wake Furaha, na binti yao Esta, ambaye alikuwa bado wa mgongoni. Akatupandisha kwenye mashua. Kisha akasema anarudi nyumbani kuchukua cherehani yake. Nilimwambia aiache. Akanijibu, "Mama, huko tunakoenda tutakula nini?" Akakimbia. Mashua ikajaa watu, ikaondoka. Nilimwona mgongo wake na shati la bluu alilolishona mwenyewe, na tangu siku hiyo sijamwona tena.

Tulipita Kigoma, tukapita kambini, na kwa njia ambazo Mungu anazijua tukafika London. Tukapewa nyumba Barking, ghorofa ya tatu, wanawake watatu wa vizazi vitatu. Furaha akapata kazi ya kusafisha ofisi. Esta akaanza shule. Mimi nikakaa dirishani.

Ndugu zangu, shida yangu haikuwa njaa wala baridi. Shida yangu ilikuwa kutojua. Aliyekufa ana matanga. Aliye hai ana barua, au hata salamu. Mwanangu hakuwa na hili wala lile. Nilikuwa nanunua kadi za simu kwa Mhindi wa pale kona, napiga Uvira, napiga Bujumbura. Huyu anasema alimwona Byamungu Fizi. Yule anasema, Mama, acha tu, usiulize. Na kwetu humlilii mtu kama hakuna shahidi aliyeuona mwili au kaburi. Ukimlilia aliye hai, umemchimbia shimo. Na kama amekufa kweli ukakataa kumlilia, umemwacha mlangoni amesimama. Basi nikawa naweka sahani yake mezani, ugali unapoa, halafu tunakula sisi.

Sasa chini yetu alikaa mama mmoja Mzungu, Mama Astrid. Si Mwingereza, alitoka Norwe, huko juu kwenye barafu. Mzee kama mimi, peke yake na paka wake. Tulijuana siku lifti ilipoharibika, akanisaidia kupandisha unga. Mimi Kiingereza changu kilikuwa cha basi na duka: aksante, samahani, bei gani. Kwa hiyo Esta ndiye alikuwa mdomo wetu. Ninyi mliofika nchi hii wazee mnanielewa. Mtoto ndiye anakwenda nawe kwa daktari, mtoto ndiye anasoma barua za serikali, mtoto ndiye anamwambia fundi wa bomba mahali maji yanapovuja. Mtoto wa miaka minane anakuwa mkubwa wa nyumba kwa sababu ya ulimi wake.

Mama Astrid alikuwa mchoraji, na karata zile alizichora yeye mwenyewe. Ndani yake alitia miungu ya mababu wa babu zake. Kulikuwa na mzee wa jicho moja, na kunguru wawili mabegani. Kulikuwa na mti mkubwa unaoshika dunia yote, na mbwa mwitu amefungwa kwa kamba nyembamba kama uzi. Kulikuwa na mashua inayowaka moto majini, ambayo watu wale wa kale walisindikizia wafu wao. Na kulikuwa na wanawake watatu wamekaa kisimani wakisokota uzi, mmoja ana kisu. Mimi mara ya kwanza nilidhani wanasukana nywele, nikauliza mwenye kisu anafanya nini saluni. Mama Astrid akacheka mpaka paka akakimbia, kisha akasema uzi ule ni uhai wa watu.

Akanieleza, kwa mdomo wa Esta, kwamba yule mzee alilitoa jicho lake apewe akili. Nikasema, huyo amepunjwa. Na wale kunguru je? Akasema kila asubuhi anawatuma wazunguke dunia, jioni wanamrudishia habari. Hapo sikucheka. Nilimtazama yule mzee kwenye karata kwa muda mrefu. Nikasema moyoni, laiti ningekuwa na kunguru mmoja tu, nimtume Uvira.

Basi ndipo nikafungwa. Kila Jumamosi, Furaha akiwa kazini, nashuka na Esta. Mama Astrid anatupa kahawa na keki, mtoto anapewa maziwa. Halafu anatandaza karata, nachagua kwa mkono wangu, na yeye anasoma. Hakutaka hata senti. Sisemi alikuwa mchawi. Alikuwa mpweke, na mimi nilikuwa na kiu, na shetani anapenda sana kumkutanisha mpweke na mwenye kiu.

Nilikuwa nauliza swali moja tu: mwanangu yu hai? Mama Astrid anasema maneno yake marefu, Esta anakunywa maziwa kidogo, kisha ananiambia: Koko, papa iko muzima. Nilipanda ngazi nikiimba. Lakini ikifika katikati ya wiki ile furaha imeoza. Naota mashua ile ya moto. Naamka namlilia. Jumamosi nashuka tena, naambiwa yuko mzima. Ndugu zangu, nilimzika mwanangu kila wiki na kumfufua kila Jumamosi. Jaribuni kuishi hivyo muone kama kuna maombi yanayotoka. Kanisani nilikuwa nakuja, naimba, napiga makofi, lakini tumaini langu liko chini, mlango wa Mama Astrid.

Ndipo wakaja wazee wawili wa kanisa, na soda, na kitenge kizuri kimekunjwa. Walitumwa na Ndugu Safari, mnayemjua wote, anayefanya usafi pale uwanja wa mpira Wembley. Alimtaka Furaha awe mke wake. Alifuata njia ya heshima, akauliza kwa ukoo wa mume. Na ukoo wa mume hapa London nzima ulikuwa mimi, na soksi zangu. Wakasema, Mama, huyu binti amesubiri. Ukisema ndiyo, tutakaa matanga ya Byamungu kwanza kwa heshima, tuyaondoe, halafu mambo mengine yafuate. Ukisema hapana, hatutarudi kukusumbua.

Furaha alikuwa jikoni. Bomba la maji lilikuwa wazi, lakini sikusikia sahani ikioshwa.

Nikawaomba wanipe wiki. Wao walidhani nakwenda kuomba. Mimi nilishuka kwa Mama Astrid. Kwenye karata wakatoka wale wanawake watatu wenye uzi. Esta akaniambia, papa iko muzima, uzi haujakatwa. Basi nikawajibu wazee hapana. Nikawarudishia na kitenge chao.

Furaha hakulia. Alivua viatu vya kazi, akavipanga mlangoni, akaniambia kwa sauti ya chini kabisa: "Mama, karata iseme iko hai, iseme amekufa, miye kesho naamuka saa kumi ya usiku kwenda kazi ile ile." Akaenda kulala. Na mimi nikajiona nimeshinda, kwa sababu nimeulinda mlango wa mwanangu. Kumbe nilikuwa nimemfungia ndani mwanamke aliye hai.

Jumamosi iliyofuata nikashuka tena. Safari hii nilitaka zaidi. Nilitaka kujua yuko wapi. Nikachagua karata, nikaigeuza mwenyewe, na ilikuwa ile mashua inayowaka. Mama Astrid akasema maneno machache, taratibu. Nikamgeukia mtoto. Nikamwuliza anasemaje.

Esta aliangalia kikombe chake cha maziwa. Nikamwuliza tena, kwa ukali kidogo, nadhani. Ndugu zangu, mtoto yule alikuwa siku zote ananijibu Kiingereza au Kiswahili cha kuvunjikavunjika, neno moja moja. Siku hiyo alinyanyua macho akaongea kama mtu aliyezaliwa soko la Uvira.

"Koko, nimechoka kusema mambo ya papa. Ni miye njo nasemaka iko muzima. Karata hazisemake."

Sikuelewa. Nikamwambia aseme tena. Akasema kila Jumamosi Mama Astrid anaeleza picha, mti, mbwa mwitu, kunguru, na kila Jumamosi anamalizia kwa kusema kwamba yeye hamjui kijana wangu, wala karata hazimjui. Esta hakunipa maneno hayo hata siku moja. Aliona ninavyomtazama mdomoni, akanipa nilichokitaka. Na siku ya wanawake wa uzi, Mama Astrid alisema mwenye kisu ameshanyanyua mkono. Mtoto akageuza. Nikamwuliza kwa nini, mwanangu. Akasema: "Ulikuwa unapandaka ngazi unaimba."

Jamani. Nilikuwa nimemtumia mtoto wa Byamungu aniletee habari za Byamungu. Kila wiki nilimtuma yatima, kama ni yatima, aingie kwenye giza la baba yake mwenyewe atoke na neno zuri mdomoni. Mimi ndiye nilikuwa yule mzee wa jicho moja, na kunguru wangu alikuwa na miaka minane.

Mama Astrid hakujua tunasema nini, lakini aliona. Esta alipomwambia kwa Kiingereza, aliweka mkono kinywani, kisha akazikusanya karata zote akazifunga kwa utepe. Hakuna aliyempigia mtu kelele. Nilimpakata Esta, mkubwa vile, miguu yake inafika chini, na hapo hapo kwenye kiti cha Mama Astrid nikaomba. Sikufunga siku nyingi, sikuanguka, sikutoa povu. Nilisema hivi: Bwana, wewe hutumi kunguru. Wewe unajua alipo. Ujue wewe, mimi nipumzike.

Na nilipumzika! Halleluya! Kitu kilichokuwa kimenikaba tangu siku ya mashua kiliachia, polepole, kama fundo la kamba likilowekwa majini. Nilielewa neno ambalo nilikuwa nimelisikia tangu utoto bila kulisikia: Mungu anajua. Mungu wa kuulizia habari kwa ndege ni mkimbizi mwenzangu, ananunua kadi za simu kama mimi. Wa kwetu haulizi. Hata ziwa linapofunga mdomo, yeye anajua.

Tulipanda ngazi bila kuimba. Nikamwambia Esta kuanzia leo yeye ni mtoto, mambo ya wakubwa nitatafuta mkubwa wa kuyatafsiri.

Furaha aliporudi kazini nilikuwa nimekaa sakafuni. Nikamwambia, binti yangu, njoo tumlilie mume wako. Kama amekufa, tumemfungulia mlango. Kama yu hai na akaja, atanikuta mimi, nitamjibu mimi. Alinitazama kwanza, kama anayeogopa kwamba Jumamosi nitabadilika. Kisha akakaa karibu nami, na kilio kilichotoka kwa yule mwanamke, majirani waligonga ukuta.

Tulikaa matanga hapo Barking, mnakumbuka mliokuja, viatu vimejaa mpaka kwenye lifti. Mama Astrid alipanda na keki yake, akakaa sakafuni na sisi, magoti yake yale mabovu. Ndugu mmoja, simtaji, akataka tuzichome zile karata kama ushindi. Nikamwambia si zangu. Kuchoma mali ya jirani si wokovu, na king'ora cha moshi cha jengo hili kingetutoa nje wote na maiti hatuna. Namwombea Mama Astrid mpaka leo. Bado tunakunywa kahawa. Karata ziko kabatini kwake, na kama anazitoa, hazitoi nikiwa pale.

Sahani ya Byamungu niliiosha nikaiweka na nyingine. Wazee niliwaita mwenyewe, na nikawadai kile kitenge. Ndugu Safari na Furaha walifunga ndoa mbele ya Mungu na kanisa hili. Mtoto wao wa kwanza wa kiume, Safari mwenyewe ndiye aliyesema aitwe Byamungu. Si damu yangu. Ananiita Koko, ananivuta kitambaa cha kichwani, na mashati yake namshonea mimi kwa mkono, ya bluu.

Na Esta! Acheni nijivune kidogo, Bwana ananijua. Anajua Kiingereza mpaka Waingereza wanamwuliza. Sasa ni msichana mkubwa, na ndiye anayetafsiri ibada kwa vijana wetu waliozaliwa hapa. Siku nilipotoa ushuhuda huu madhabahuni, alisimama pembeni yangu na kipaza sauti chake. Tulikwenda vizuri mpaka nikafika mahali pa kusema, mpaka leo sijui kama mwanangu yu hai au amekufa. Akanyamaza. Kanisa lote likangoja. Sikumgeukia, sikumtazama mdomoni. Kisha akalisema neno hilo kwa Kiingereza, na hata kwa Kiingereza changu cha basi na duka nilisikia kwamba ni fupi kama langu. Hakuongeza utamu wowote.

Namshukuru Mungu aliyenyamazisha karata kwa ulimi wa mtoto. Na wewe unayesoma, ambaye una jina moja hujui uliweke kwa walio hai au kwa waliokufa, usipande ngazi za watu kuliulizia. Njoo Barking, chai ipo, na sakafu yetu ni pana. Tutalitaja jina hilo pamoja mbele za Yeye anayelijua tayari. Mwachie alibebe. Mikono yako iwe huru kwa walio hai ndani ya nyumba yako.

Amina, na aliyechoka apumzike.